Mlango wa Mbele wa Verna Stenerson

Maneno yalimfikia Marlys Tweten akiwa kwenye foleni ya kahawa, katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri la Nordby, siku ile waliyomzika Verna Stenerson. Mwanamke aliyemtangulia, sahani ya keki mkononi, alimwinamia mwenzake akamnong'oneza.

"Wanasema alikufa akigonga mlango wake mwenyewe."

Mwenzake alimimina kahawa, akauliza hali ya barabara ya kaskazini. Ndivyo watu wa Nordby walivyo. Jambo baya likisemwa, linasemwa mara moja, kwa sauti ya chini, kisha wanahamia kwenye theluji.

Marlys alijaribu kuhamia kwenye theluji naye, akashindwa. Alikuwa mpelelezi wa polisi wa kaunti, na kesi zake zilikuwa za wazee wanaodhulumiwa, kwa hiyo uvumi wa kila namna alishausikia. Huu haukumtoka. Ulimfuata nyumbani, ukasimama naye karoni akiosha vyombo. Kila upepo ulipotikisa dirisha, alisikia mkono wa bibi kizee ukigonga.

Faili lilisema hivi. Verna, mjane wa miaka themanini na moja, alitoka alfajiri kuwapelekea paka chakula ghalani. Alichanganyikiwa kwa uzee, akazunguka nyumba, akaanguka kwenye kibaraza cha mbele, baridi ikammaliza. Mtoto wa shemeji yake, Curtis Stenerson, alipita mchana kusukuma theluji, akamkuta. Daktari akatia sahihi, faili likafungwa.

Lakini kwa nini mlango wa mbele? Katika mashamba ya Minnesota hakuna anayeutumia mlango wa mbele. Jirani anapita nyuma, jikoni. Mchungaji anapita nyuma. Polisi nao wanapita nyuma. Mlango wa mbele ni wa mtu anayeuza vitu na wa jeneza. Verna aliishi nyumba ile tangu alipoolewa. Hata angesahau jina lake, miguu ingempeleka jikoni yenyewe.

Na kulikuwa na jambo la kuharakisha. Verna aliacha binti, Janelle, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliyezaliwa akiwa wa kuelewa mambo polepole, lakini akishaelewa hasahau. Hajawahi kulala nje ya nyumba ile isipokuwa hospitali. Sasa Curtis alikuwa na karatasi inayosema yeye ndiye mwenye kuamua, na alikuwa ameamua. Kesho yake angempeleka Janelle kwenye nyumba ya kulelea watu kama yeye, mji wa mbali kule kusini, kisha auze shamba. Akishaondoka, nani angemrudisha?

Marlys akachukua funguo za gari.

*

Curtis alimfungulia mlango wa nyuma akitabasamu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, wa kusaidia kila mtu. Nusu ya wajane wa Nordby walisukumiwa theluji na yeye.

"Karibu, dada Marlys, pita. Vua viatu basi, Mama mkubwa angetufokea hata akiwa huko aliko."

Marlys alivua viatu. Jikoni palijaa maboksi. Janelle alikaa mezani amevaa koti la mama yake, mikono ya koti imefunika vidole. Hakuinua macho.

"Habari yako, Janelle?"

Janelle alimtazama Curtis kwanza. Kisha akatazama meza.

"Hasemi siku hizi," Curtis alisema. "Msiba. Ndiyo maana nataka akae na watu wenye ujuzi. Mimi mtu wa trekta, nitamfanyia nini?"

"Mama yake alitaka abaki hapa."

"Zamani. Baadaye akabadilisha. Aliniandika mimi niwe mdhamini wa ile amana inayoshika nyumba na shamba, na nikiona haina faida tena, niifunge. Karatasi ipo, muhuri upo. Gaylen wa bima alishuhudia."

"Lini?"

"Kama wiki moja kabla hajafariki."

"Akiwa na akili timamu."

"Timamu kabisa."

"Halafu wiki moja baadaye akapotea kati ya ghala na jikoni."

Tabasamu halikumtoka Curtis, ila lilikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wazee, dada. Siku nzuri, siku mbaya. Wewe si ndiye unayeshughulika nao?"

Macho ya Marlys yalikuwa kwenye mlango aliopitia. Juu kabisa, karibu na fremu, palikuwa na komeo la chuma, jipya, skrubu zinang'aa. Alinyoosha mkono kuligusa. Yeye ni mrefu kuliko wanaume wengi wa kaunti, na bado ilibidi asimame kwa vidole vya miguu.

"Hili?"

"Aliliweka Mama mkubwa mwenyewe. Janelle alikuwa anatoka usiku."

"Sitoki usiku," Janelle aliiambia meza.

"Mpenzi, nyamaza, wakubwa wanaongea."

Verna alikuwa akimfikia Marlys kifuani. Marlys aliliacha komeo, akaomba kuona mlango wa mbele. Curtis alisita kidogo tu, akaonyesha kwa kidevu.

Njia ya kwenda mbele ilikuwa baridi, imefungwa kwa pazia zito. Nyuma ya pazia, mlango wote ulikuwa umezibwa kwa nailoni, kama wanavyoziba pale kila vuli kabla ya theluji ya kwanza. Nailoni ilikuwa imevutwa kama ngozi ya ngoma, teipu imezunguka pande zote nne. Blanketi lililokunjwa lilisukumwa chini ya kizingiti. Marlys alipiga magoti, akapitisha ukucha kwenye teipu kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na mahali iliponyanyuliwa. Vumbi la miezi lililala juu yake, pamoja na nzi mkavu.

Mlango huu haukufunguliwa tangu vuli, na aliyeuziba ni Verna. Basi alikuja kugonga mlango anaojua haufunguki?

Kisha akaona mlango mwingine kushotoni, umeachwa wazi. Kitanda chenye shuka za maua, picha za farasi ukutani. Chumba cha Janelle, ukuta mmoja na kibaraza.

Verna hakupotea njia. Alikuta nyuma kumefungwa, akazunguka nyumba nzima kwenye theluji ile, akaja kugonga mahali ambapo mwanawe angemsikia.

Aliporudi jikoni aliomba maji ili asogee kwenye jokofu. Ndani, kwenye rafu ya juu, palikuwa na bakuli la kuokea lililofunikwa. Aliliinua. Chini yake pana kipande cha teipu chenye jina, kama wanawake wa kanisa wanavyofanya ili vyombo visipotee: D. Aasen. Ndani mna keki ya maboga, imekatwa vipande, hata kimoja hakijaliwa.

Delphine Aasen, rafiki wa Verna, alikuwa ameiambia polisi kwamba wiki ile ya kifo alikuwa kwa binti yake, mji mwingine. Chombo chake kinafanya nini hapa na keki isiyo ya zamani?

"Ukimwona Delphine," Curtis alisema nyuma yake, taratibu, "muulize ni nani angepata kuikalia nyumba hii bila ile karatasi yangu. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

*

Delphine Aasen aliishi barabara hiyo hiyo, nyumba ya pili baada ya silo, ule mnara wa kuhifadhia nafaka. Alikuwa mwembamba, mkali, na meno yalimsumbua. Marlys aliweka lile bakuli mezani bila salamu ndefu.

"Hili lilikuwa kwenye jokofu la Verna, mama."

Delphine aliliangalia. Alifungua kifuniko, akagusa kipande kimoja kwa ncha ya kidole, kisha akakaa chini.

"Nililipeleka na viazi, Sikukuu ya Shukrani, tuliyokula bata mzinga. Limekaa kwake tangu hapo. Verna hajawahi kurudisha chombo kitupu maisha yake yote." Alisukuma bakuli kuelekea kwa Marlys. "Tafuta njugu humo."

"Sioni."

"Hutaona. Kila mtu huweka njugu. Verna aliioka kunirudishia chombo, akaziacha kwa ajili ya meno yangu. Hebu niambie, huyo ndiye mtu aliyepotewa na akili?"

Marlys alitoa pumzi. Njia aliyoonyeshwa na Curtis iliishia pale, kwenye keki isiyo na njugu. Alivuta kiti.

"Nieleze hiyo amana. Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Kwani wewe umeshakuwa mkubwa?" Delphine alijifuta macho. "Sikiliza. Mumewe Arvid alipogundua ana saratani, yeye na Verna walikwenda kwa wakili. Wakachukua nyumba na shamba wakaviandika kwa jina la amana. Hapo watu wengi hukosea, mwanangu. Wanaandika amana nzuri, wanaiweka kwenye droo, na shamba wanaliacha kwa jina lao. Amana tupu. Verna alihamisha kweli, hati kwa hati. Yeye akawa mdhamini, yaani mwenye kushika. Anashika kwa ajili yake akiwa hai, na kwa ajili ya Janelle. Siku akifa, nashika mimi. Janelle anakaa mle mpaka naye afe, hapo ndipo amana inakwisha, na kitakachobaki ni cha kanisa."

"Na Curtis?"

"Aliachiwa trekta. Alinuna mpaka Pasaka."

"Verna angeweza kuibadilisha?"

"Akiwa hai? Hata kila Jumatatu. Angeweza kuifuta kabisa. Lakini kwa njia waliyoiandika mle: atie sahihi mbele ya mwenye muhuri, na hiyo karatasi anipe mimi, yeye mwenyewe, akiwa hai. Arvid ndiye aliyetaka hivyo. Alisema mtu akizeeka watu wanamshika mkono wakamwandikisha. Na Verna akishafariki, imejifunga. Hakuna wa kuongeza wala kupunguza."

"Alikupa?"

"Hakunipa." Delphine alisita. "Ila ipo. Niliporudi kutoka kwa binti yangu niliikuta kwenye sanduku la barua. Curtis anasema aliitia kabla ya kifo, kwa kutumwa na Verna. Mimi sikuwapo. Siwezi kula kiapo iliwekwa lini."

"Kwa hiyo inabaki neno lako na lake."

"Na langu wameshalichafua. Kule kanisani walinisogezea sukari bila kuniangalia." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Kuna jambo sijamwambia mtu. Verna alinipigia simu jioni, kesho yake ndiyo akafa. Akasema, Delphine, kuna mtu ananiambia nimetia sahihi kitu, nami sijatia. Ukirudi twende kwa wakili, nifute chochote kilichoongezwa. Nikamuuliza, nani huyo? Akasema, siwezi kukutajia, yuko hapa jikoni anakunywa kahawa."

Marlys alifikiria yule mtu jikoni, kikombe mkononi, anasikiliza. Pumzi ya Verna ndiyo iliyokuwa imebaki kati yake na shamba. Akiwa hai, neno lake moja kwa wakili lingefuta kila kitu. Akifa, hawezi kukana.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, na mimi ndiye ninayetajwa mle? Wangesema nimetunga." Aliinua macho. "Atamchukua yule mtoto, Marlys. Atamchukua, na yeye hajui hata kuuliza njia ya kurudi."

*

Gaylen Rudh aliuza bima kwenye barabara kuu ya Nordby, na alikuwa na muhuri wa serikali wa kushuhudia sahihi. Alimkaribisha Marlys kwa kahawa kabla hajakaa.

"Afande Marlys. Umekuja kukata bima au kunikamata?"

"Inategemea. Ulishuhudia karatasi ya Verna?"

"Nilishuhudia."

"Alitia sahihi ukimwona?"

"Kwa macho haya. Kalamu ilikuwa yangu."

"Wapi?"

"Kwake, wapi tena. Baridi ile asingeweza kutoka."

"Nani alikuwapo?"

"Curtis. Janelle alikuwa anaangalia televisheni."

Alijibu upesi, vizuri, kama mtu aliyeulizwa hayo kabla. Marlys alikunywa kahawa. Alimwacha akae na ukimya, maana watu wa pale hawauwezi ukimya wa mgeni. Lazima wautie kitu.

"Ilikuwa shughuli ya heshima," Gaylen aliongeza. "Nilivaa tai."

"Ulipita jikoni na tai?"

"Hapana, afande. Shughuli rasmi ile. Nilikwenda mlango wa mbele, sio kama mtu anayeomba sukari. Verna mwenyewe alinifungulia, tukakaa sebuleni."

"Mlango wa mbele."

"Wa mbele."

"Ulifuta miguu kwenye zulia lile la kijani?"

"Sijui rangi. Nilipangusa viatu, ndiyo."

Marlys aliweka kikombe. "Gaylen, ule mlango umezibwa na nailoni tangu vuli. Nimepitisha ukucha kwenye teipu mwanzo mpaka mwisho. Kuna nzi amekufa juu yake. Hata panya hajapita pale, na wewe umepita na tai."

Wekundu ulimpanda Gaylen kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Labda nimesahau. Labda ni jikoni."

"Jikoni kumewekwa kitu kipya mlangoni. Nini?"

Gaylen alisogeza kalamu mezani.

"Basi tuanze upya," Marlys alisema. "Safari hii polepole. Kuna mtu amekufa."

Gaylen alitazama dirishani, barabara yote nyeupe. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo. "Aliniletea hapa. Tayari ilikuwa na sahihi. Akasema Mama mkubwa ana mafua, usimsumbue, piga tu muhuri. Curtis namjua tangu shule ya Jumapili. Wanetu wanacheza timu moja. Ananisukumia theluji mlangoni, hachukui hata asante. Ningemwambiaje? Kwamba simwamini?"

"Ungemwambia hivyo hivyo."

"Hapa kwetu? Wangesema najiona." Alifunika uso. "Nilidhani ni jambo la familia. Baadaye, alipofariki, Curtis akaja akaniambia nikiulizwa niseme nilikwenda. Nilijua hapo, Marlys. Nilijua, nikanyamaza, na kila nikiegesha gari jioni nasikia kama kuna mtu anagonga kioo."

Marlys alimpa karatasi na kalamu aandike yote kwa mkono wake. Kichwani alikuwa anajumlisha. Muhuri bila kumwona mtiaji sahihi. Karatasi haikutoka mkononi mwa Verna kwenda kwa Delphine. Na Verna, akiwa hai, alisema hajatia sahihi. Njia ya kubadilisha ile amana haikufuatwa hata hatua moja. Maana yake amana ilibaki kama Arvid na Verna walivyoiandika, mdhamini ni Delphine, na Curtis hana mamlaka ya kumhamisha Janelle hata chumba.

Hayo yalihusu shamba. La kifo lilikuwa bado. Komeo peke yake halisemi ni nani aliyelifunga.

"Leo umemwona Curtis?" aliuliza akivaa glavu.

"Amepita hapa kabla tu hujaegesha. Kaenda kuchukua trela." Gaylen aliacha kuandika. "Amesema anaondoka na Janelle leo. Sio kesho. Amesema umekuja kuuliza maswali mengi."

*

Pikapu ya Curtis haikuwa uani kwa Verna. Marlys alikuwa amewaita wenzake kwa redio njiani, wakamwambia wako upande wa pili wa kaunti, barabara mbaya, wanakuja. Alipita nyuma. Mlango haukufungwa.

Janelle alikaa juu ya sanduku la nguo katikati ya jikoni, koti la mama yake limefungwa vifungo mpaka kidevuni.

"Nasafiri," alisema.

"Unataka kusafiri?"

"Hapana."

Marlys alivua viatu. Akachuchumaa mbele yake ili asiwe juu yake. "Janelle, nataka kukuuliza kuhusu asubuhi ya mama. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Sitakasirika."

"Curtis atakasirika."

"Curtis hayupo."

Janelle alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na Marlys alisikiliza barabara huku anamsubiri.

"Mama alienda kwa paka," Janelle alisema. "Curtis alikuwa anakunywa kahawa. Akafunga juu pale." Alinyoosha mkono wa koti kuelekea komeo. "Nikasikia mama anagonga. Hapa. Nikasema, ni mama. Curtis akasema, ni upepo."

"Halafu?"

"Akanipa mkate na jamu. Halafu upepo ukaja kule kwangu. Ukuta wangu. Nikasema, upepo unaniita jina. Curtis akaongeza sauti ya televisheni." Macho yake yalijaa lakini hakulia, alikuwa anaeleza. "Ningepanda kiti. Najua kupanda kiti. Nilifunguaga mara moja, mama akacheka."

Marlys alimshika mikono ndani ya ile mikono mirefu ya koti. Alishaandika maelezo mengi katika kazi yake, ila haya hakuweza kuyaandika pale pale.

Nje, injini. Trela likigongagonga kwenye barafu.

Janelle alisimama. Hakukimbia. Alivuta kiti cha jikoni mpaka mlangoni, akapanda, koti likiburuta, akasukuma komeo mahali pake. Kisha akashuka, akaja kusimama nyuma ya Marlys.

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Kitasa kilizunguka. Kikazunguka tena.

"Janelle? Fungua, mpenzi. Baridi huku."

Kitasa kilizunguka mara ya tatu.

"Nimeona gari la yule mama. Marlys, acha mchezo. Mnanifanyia nini?"

Alianza kugonga. Mwanzo kwa vidole, kisha kwa ngumi, kisha kwa bega, na vikombe vikatikisika kwenye misumari yake. Marlys alisimama kati ya Janelle na mlango, mkono kiunoni kwenye silaha, akisikiliza kwa masikio kule kugonga ambako tangu mazishi kulikuwa kichwani mwake tu. Skrubu za lile komeo zilianza kulia kwenye mbao. Curtis mwenyewe alizifunga vizuri. Zilishika.

Mkono wa Janelle uliingia kwenye mkono wake.

"Ni upepo," Janelle alisema.

Walipokuwa wamesimama hivyo, king'ora kilisikika kwa mbali upande wa silo, na kugonga kukakoma.

*

Janelle analala chumba kile kile, chini ya farasi wake. Delphine amehamia chumba cha juu na meno yake, wanagombana kuhusu televisheni. Mlango wa nyuma hauna komeo tena, pana matundu manne tu kwenye mbao.

Jumapili iliyofuata Marlys alibandika karatasi ukutani katika chumba cha chini cha kanisa, juu ya birika la kahawa, mahali ambapo hakuna awezaye kusema hakuiona. Aliandika kwa mkono:

Usitie sahihi karatasi kwa sababu aliyeileta ni mwema kwako.

Usiandike amana ukaiacha kwenye droo bila kuhamishia nyumba na shamba ndani yake.

Usikubali amana isiyosema itabadilishwa kwa njia gani, na nani apewe habari. Na ikishasema, usiruke hatua.

Usimpe mtu mmoja mamlaka ya kushika, ya kubadilisha na ya kufunga, yote pamoja.

Kama una muhuri, usiupige kwa sahihi ambayo hukuiona ikitiwa. Hata kama ni ndugu yako. Hata akichukia.

Ukisikia umebadilisha kitu na hujabadilisha, usingoje rafiki arudi safari. Nenda siku hiyo kwa wakili, na umtaje mtu kwa jina.

Usiongee hayo kwenye simu naye akiwa jikoni kwako.

Usiruhusu mtu aweke komeo usilolifikia.

Na mtoto akikwambia kuna mtu anagonga, usimwambie ni upepo. Nenda ufungue.